Jina la Deborah Mara Tatu

Goma, Quartier Mapendo
Tarehe 14 Aprili 2024

Mupendwa yaya Charline, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote. Mugongo wako unaendeleaje? Na mvua ya huko Kindu, imepunguka? Sisi tunapumua, tunamushukuru Mungu. Kikohozi changu kimeisha, na Deborah sasa ananipita urefu.

Angalia herufi hizi vizuri, yaya. Zimepinda kama mistari ya maharagi kule kwetu Masisi, lakini ni za mukono wangu. Hii si barua ya Paulin.

Tangu mwaka jana, wamama wa hapa tunafundishwa kusoma kwenye chumba cha parokia. Kwanza nilikataa. Mutu anayekupa kalamu na daftari bure anatafuta nini kwako? Niliogopa wataandika majina yetu wayauze kwa wanasiasa. Mwalimu, Mama Julie, aliniacha nikae karibu na mulango miezi miwili, nitoke nikitaka. Sikutoka.

Siku niliyojua kuandika jina la mutoto wangu, nilitoa barua yako ya Septemba. Unajua tangu mume wangu afe ni mudogo wake, Paulin, anayenisomea na kuniandikia. Alinisomea kwamba munatusalimu, nyumba yenu imejaa, tusije. Nililia wiki nzima, nikasema yaya amenitupa. Sasa nikaona humo jina Deborah. Nikaliona tena. Mara tatu! Paulin hakulitaja hata mara moja.

Nilisoma siku nne, neno kwa neno. Uliandika: "Umutume Deborah asome huku kwetu, kitanda chake kiko tayari."

Jumapili Paulin alipokuja kula, nikamupa barua.

"Shemeji, unisomee tena. Nimemukumbuka yaya."

Akasoma vilevile, bila kusita. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake, macho yakifuata. Nikaweka kidole.

"Hapa wameandika nini?"

"Salamu tu."

"Hapa ni kitanda. Na hapa ni asome."

Akageuka. "Nani amekusomea?"

"Mimi."

Akasema alitaka mutoto abaki amusaidie kwenye duka lake la Birere, eti musichana akienda kusoma mbali anapotea. Aliacha chakula kwenye sahani, akaondoka.

Deborah anakuja na Mama Munguakonkwa, huyu anayekuletea barua hii. Umupokee. Ni mutoto anayependa kazi, ila hasubutu kusema akiwa na njaa, umuulize.

Lakini moyo wangu haujatulia. Hata mwenye duka la dawa akinisomea kikaratasi, namunyang'anya nikiangalie mwenyewe. Ukinijibu, utumie herufi zisizoshikana. Zile za kushikana bado zinanishinda.

Na jambo moja, yaya. Miaka sita Paulin amekuandikia kwa jina langu. Nilikuomba vitu? Nilikutukana? Mama alipokufa, nililia pamoja nawe, ao barua ile haikufika kamwe? Kama ulizitunza, unirudishie zote. Nataka kujua mimi nilikuambia nini.

Unisalimie shemeji Barthélemy, Cédrick na Élodie. Mungu awalinde, na mulango muliomufungulia mutoto wangu abaki akiulinda Yeye mwenyewe.

Ni mimi mudogo wako akupendaye,
Séraphine