Kisu Kimoja cha Marselino

Sumbawanga,
20 Oktoba, 1957.

Kwako mpenzi Kalista,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Natumaini barua itakukuta u mzima huko Tabora, na kwamba kazi ya wodini haijakukondesha kama ulivyolalamika. Mimi ni mzima mno. Nimenenepa, Kalista. Lile gauni la kijani ulilonishonea tukiwa darasa la kumi halifungi tena mgongoni, na mume wangu amenikataza kumpa mtu. Anataka nilitie kipande, kwa sababu ndilo nililovaa siku aliponiona mara ya kwanza. Mume wangu. Tazama, nimeliandika neno hilo tena bila sababu.

Wazazi wako niliwaona kanisani Jumapili iliyopita. Niliwaamkia, na mama akaitikia kwa sauti ndogo. Anakohoa, lakini anatembea mwenyewe. Baba haitikii siku hizi. Haitikii mtu yeyote, si mimi tu, kwa hiyo usidhani ana neno nami.

Tulifunga ndoa Septemba tarehe ishirini na moja, na uliponiandikia kwamba hukupata ruhusa ya kuja, nililia. Evaristi alivaa suti ya kijivu aliyoazimwa na tajiri wake, Mzee Abdala. Mikono ya koti ilimfunika hadi vidoleni, lakini alikuwa mzuri hata nikasahau kumjibu Padri aliponiuliza kama nimekubali, ikabidi aulize mara ya pili, kanisa zima likacheka. Mwezi ujao tunahamia Kasanga. Evaristi ndiye atakayesimamia duka jipya la Mzee Abdala kule. Tumepewa nyumba ya bati yenye madirisha manne, na ukifungua lile la sebuleni unaliona ziwa lote. Ananiahidi migebuka kila siku mpaka niombe maharage. Kila asubuhi anapiga mluzi akichana nywele, nami hulala macho yamefumbwa ili asijue kwamba ninamsikiliza.

Barua yako ilifika siku ya kumi ya ndoa yangu. Unasema unaandika ombi kwa Bwana DC ili shauri la kaka yako Marselino lisikilizwe upya, na unataka mimi niliyekuwepo nikujibu kwa maandishi: je, ni kweli ule ubapa wa kisu chake kucheza ndiko kulikomkata Epifania? Na kisu chepesi cha bei ndogo kikicheza kidogo, kuna ubaya gani? Nimeisoma mara nyingi. Nilifikiri nikujibu maneno matatu tu, lakini wewe ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja wakati wa baridi, ukaniita wifi bwenini miaka miwili, tukicheka. Kwa hiyo nitakueleza yote tangu mwanzo, maana wakati ule ulikwisha kuondoka.

Mwezi wa tano Bwana Shamba alitangaza kwamba chama cha wakulima kitanunua visu mia sita vya kukunja kwa ajili ya akina mama wanaovuna ulezi. Unaijua kazi ilivyo: suke moja moja, kutwa nzima, mtoto mgongoni, na kisu cha kawaida ukikifunga kiunoni kinakuchoma unapoinama. Vililetwa vya aina mbili. Vya kwanza vilitoka ng'ambo, vikauzwa dukani kwa Mzee Abdala: mpini mweusi, springi ngumu, ubapa umesimama kama jino. Vya pili alivitengeneza Marselino kwa chuma cha springi za lori, mpini wa mti, na pini aliyoikata kwenye spoki ya baiskeli. Vilikuwa vyepesi hata ukikifunga kimoja kwenye pindo la kitenge unasahau kwamba unacho. Ila ubapa ulicheza. Ukiusukuma kwa kidole ulikwenda kushoto na kulia, kiasi cha upana wa punje ya ulezi.

Bwana Shamba alipousukuma alikunja uso. Evaristi, aliyekuwa karani wa duka wakati ule, alikichukua, akakitikisa mbele ya watu, akamwuliza Marselino kama hicho ni kisu au ni mlango wa choo. Watu walicheka. Nami nilicheka, maana unamjua kaka yako alivyo mzito wa kujibu. Alisimama tu akijifuta mikono kwenye suruali. Mwishoni alisema wapewe akina mama wavune navyo, wao ndio waseme. Bwana Shamba akakubali. Zikatengwa siku tatu katika shamba la misheni, wanawake ishirini, kumi kwa kila aina ya kisu, na mimi mwalimu nikawekwa kusimamia na kuandika.

Hapa lazima ujue jambo moja. Baba yangu alikuwa amesema hatamwoza binti aliyesoma kwa karani anayelala nyuma ya magunia ya chumvi. Na Mzee Abdala alikuwa amesema kwamba chama kikinunua visu vyake, Evaristi atapewa duka la Kasanga. Nilikuwa na chaki mkononi huku moyo wangu uko Kasanga.

Siku ya kwanza akina mama wa visu vya Marselino walijaza vikapu mapema. Bua la ulezi lina maji, shamba lina vumbi, na vikichanganyika vinakuwa tope kwenye pini. Vile vyeusi viligoma. Kufika saa sita walikuwa wakivifungua kwa meno. Vya kaka yako vilifunguka kwa ukucha, vichafu vilevile. Mama mmoja aliniambia kwamba hiki kinausikiliza mkono. Niliandika hayo yote, kwa kuwa yalikuwa kweli, na Evaristi alipopita na baiskeli jioni nikamwonyesha. Alinishika kidole kidogo akakiachia, akapanda baiskeli yake akaenda, na mabega yake yalivyokuwa yameinama siwezi kukueleza.

Siku ya pili, kabla ya jua kuwa kali, tulisikia kilio. Epifania, yule mjane wa Milepa aliyekuja kufanya kibarua na mtoto wake, alikuwa amekaa chini ameshika mkono wa kulia. Vidole viwili vilikuwa vimekatwa hadi mfupa, na kando yake kisu cha Marselino, chenye damu. Hayo ndiyo uliyoyasikia. Bwana Shamba alifika, akaukamata ule ubapa, akauchezesha, akasema kwamba kisu kilicholegea kimejikunja chenyewe juu ya mkono wa mwanamke. Niliandika maelezo ya Epifania hapohapo, naye akaweka dole gumba la kushoto.

Baraza lilikaa baada ya wiki mbili. Kaka yako alisimama na kisu chake, akausukuma ubapa kila mtu aone, akasema: "Kinacheza kwa sababu nimekiacha kicheze. Nikikibana kitagoma. Kikigoma, mama atatumia nguvu, na hapo ndipo atakapokatika." Mzee mmoja wa baraza akamjibu: "Basi mwambie Epifania naye aviache vidole vyake vicheze." Watu walicheka hadi askari akapiga fimbo chini. Epifania mwenyewe aliinuka na mkono wake uliofungwa, akasema yeye alishika cheusi. Wakamwonyesha karatasi, wakamwuliza hili dole ni la nani. Akasema ni lake. Wakamwuliza kama ana vidole vinavyosema maneno mawili. Akakaa.

Hukumu ilikuwa kwamba Marselino avivunje visu vyake vyote mwenyewe, juu ya fuawe ya baba yako, na asitengeneze tena. Vilikuwa mia moja na arobaini. Nilikwenda kutazama, kama wote walivyokwenda. Aligonga tangu asubuhi hadi adhuhuri. Watoto walihesabu kwa sauti, na alipokosea akapiga kidole chake wakashangilia wakamwambia aanze tena. Baba yako alikaa mlangoni mwa kibanda cha uhunzi, akakaa vilevile hata walipomaliza. Tangu siku ile haitikii.

Kisha mjumbe wa baraza akamwuliza kaka yako kama vimekwisha vyote. Wewe hukujua, lakini kimoja nilikuwa nacho. Alinipa mwezi wa nne, kabla ya chama, kabla ya yote, amechora herufi B kwenye mpini. Hakusema ni cha nini, nami sikumwuliza. Siku ile kilikuwa ndani ya kikapu changu, mkononi, mbele yake. Marselino alinitazama mimi, akatazama kikapu, akasema: "Vimekwisha." Kesho yake alishika njia ya Mwimbi kwenda Abercorn, ng'ambo ya mpaka, na migodi ya shaba.

Sasa nikujibu, Kalista, maana nimeolewa na sina tena cha kuogopa, na furaha ikizidi haitaki kubaki na siri. Epifania alisema kweli. Alishika cheusi. Kilikuwa kimegoma, akakivuta kwa kucha, kikafunguka nusu, springi ikakirudisha juu ya vidole vyake kwa nguvu. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nilimfunga mkono kwa kitambaa changu cha kichwani, na nikiwa nimepiga magoti pale nikaona kile cheusi kwenye majani, nikaona pia kikapu cha mwenzake aliyekuwa amekimbia kuita watu, na ndani yake kisu cha kaka yako. Sikufikiri kwa muda mrefu. Cheusi nilikisukuma chini ya sketi. Cha Marselino nilikipaka damu na kukiweka kando yake. Epifania akasema "cheusi, mwalimu, kile cheusi," nikamwambia ndiyo, mama, nimesikia, weka dole hapa.

Wakati ule nilihisi mikono yangu imekuwa ya baridi, basi. Nilimfikiria Evaristi alivyoinamisha mabega. Nilimweleza baada ya harusi. Alicheka, akanibusu mkono, mmoja kisha wa pili, akasema hakujua kwamba amependwa kiasi hicho. Nani mwingine Ufipa hii amepata kuambiwa hivyo?

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Hakuna ubaya. Kisu chepesi cha namna ile kinatakiwa kicheze kidogo, na kaka yako alikuwa sahihi kwa kila neno. Lakini ombi lako usilipeleke. Mimi mbele ya baraza nitasema nilichoandika, na ukionyesha barua hii watasema dada wa mhunzi ameitunga kwa uchungu. Visu mia sita vimekwisha kununuliwa. Epifania alikuja harusini kwetu, akala, akanipa ule mkono wake mbaya. Vidole viwili havikunjuki, lakini mtoto amenenepa. Amerudi Milepa. Nilimpa kitenge.

Nina jambo dogo la kukuomba. Kile kisu chenye herufi B ndicho ninachotumia jikoni. Evaristi anapenda viazi vilivyomenywa maganda membamba, na kile cheusi alicholeta kutoka dukani kinakula nusu ya kiazi. Cha Marselino hakijanikata hata siku moja. Ila pini ya spoki imeanza kulika, na hapa mjini hakuna tena anayeweza kuitengeneza. Ukipata anwani ya kaka yako huko migodini, mwandikie kwamba nitakituma kwa mtu anayekwenda. Mwambie aweke pini mpya, lakini asikibane. Akiache kicheze vilevile, mkono wangu umekwisha kukizoea.

Evaristi anakusalimu na kukukaribisha Kasanga wakati wa likizo. Chumba cha wageni kipo. Wasalimie wauguzi wenzako, na uvae sweta, Tabora asubuhi si ya kuaminika. Hapa nafunga, kwa kuwa nasikia baiskeli yake inapanda kilima na viazi bado sijamenya.

Ni mimi rafiki yako mwenye furaha,

Bertilla,
mke wa Evaristi.