Siku Daktari Alipowaona Pono Hai

Mke wangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka Chole, huku Mafia. Mimi mzima, ila kila nikiamka nakuita, kisha nakumbuka uko Bagamoyo.

Yule daktari mzee, Mdachi aliyeniajiri nimwandikie majina ya samaki, miaka yote amewasoma kwao Ulaya, ndani ya chupa za spiriti. Leo asubuhi mimi na wavuvi tulimpeleka kwa mashua kwenye matumbawe ya Juani, akainama kutazama majini kwa ndoo yenye kioo chini. Samaki pono wakapita, kijani na buluu. Hakuinuka mpaka shingo ikamwiva kwa jua, na alipoinuka alikuwa analia.

“Kitabuni nimeandika ni weupe,” akaniambia. “Spiriti huwatoa rangi, nami hai sikuwahi kuwaona.”

Nikampa dafu. Akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninaye, kazaliwa nikiwa huku, habari zake nazipata kwa barua.

“Nenda kamwone,” akasema. “Majina nitaandika mwenyewe.”

Basi naja na meli ijayo, labda hiyo hiyo iletayo kadi hii ya posta. Ukiniona mlangoni, nipe kwanza mwanangu nimpakate, maswali baadaye.

Mumeo akuwazaye,
Saidi