Evaristi wa Titye, na Dume Aliyekaa Muyama

Mwaka umekatika, Evaristi, tangu walipokubeba kwa machela kutoka Titye kwenda hospitali, nawe ukageuza shingo kutazama zizi badala ya kututazama sisi. Tulidhani utarudi. Homa haikukurudisha.

Ulikuwa mtu wa watu na mtu wa ng'ombe. Kundi lako halikuwa kubwa, lakini kila mmoja ulimwita kwa jina lake. Kabla hujanywa uji ulishawapapasa masikio yote kutafuta kupe. Jirani akiugua, maziwa yako yalimfikia kabla ya pole zako.

Mkeo Winifrida ulimtoa Kasulu mjini hajui hata ng'ombe asogelewe upande gani. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya Gitare, yule ng'ombe mweupe, akapigwa teke na kibuyu kikaruka huko. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye samadi. Kisha ukamfundisha polepole. Ndama anyonye kwanza, maziwa yakishuka umfunge karibu na mguu wa mbele wa mama yake, mama apate kumlamba. Moto wa zizini usizimike, moshi ufukuze nzi. Ng'ombe anayejitenga na wenzake machungani ana jambo, mfuate.

Kwetu mwanamke hakamui. Mama yako Epifania alipomkuta mkwewe amechuchumaa chini ya Gitare, alipiga yowe.

"Evaristi! Unataka ng'ombe wakauke?"

"Mama, kwani chuchu inauliza mkono ni wa nani?"

"Utatutia mkosi wewe!"

"Basi haya maziwa usinywe, Mama."

Akanuna. Jioni akanywa.

Na zile jioni za darasa la watu wazima, wewe ndiwe uliyebaki na mtoto wenu Niyonsaba ili mkeo akasome. Wenzako walikutania, "Siku hizi umeolewa, Evaristi?" Ukawajibu, "Nimeolewa pazuri."

Ulipoondoka tulikulilia kama tulivyorithishwa. Nyumba ikiwa na msiba, dume hakai na majike mpaka mkubwa wa ukoo aje aumalize. Basi Ruhogo, dume wako, akaswagwa hadi Muyama kwa rafiki yako Tharsisi. Na wa kuumaliza msiba ni kaka yako Hatungimana, aliyehamishiwa kijiji kipya huko Kibondo. Alituma neno kwamba anakuja akishajenga. Mara anakuja akishavuna. Halafu masika yakakata barabara.

Sisi tukangoja. Machungani ng'ombe walilia wakitafuta dume, na Winifrida akajua maana ya kilio kile, maana ulishamwonyesha. Hakuna aliyeshika mimba. Mmoja baada ya mwingine maziwa yakapungua, akabaki Gitare peke yake wa kukamuliwa. Lakini mkwe, tena mjane, ataanzia wapi kusema? Siku moja alijikaza.

"Mama, Ruhogo arudi. Mwakani hatutaona ndama hata mmoja."

"Mama Niyonsaba, unataka mwanangu aliliwe kama mtu asiye na kwao?"

Akachukua kibuyu, akarudi kwa Gitare. Wewe ungejua la kusema. Ungetupa neno la kuchekesha, Mama angenuna, na jioni yangekuwa yamekwisha. Sisi hatukujaliwa ulimi huo. Tulikuheshimu, Evaristi, huku zizi lako linakauka tunaliangalia kwa macho.

Wiki iliyopita Gitare alikamuliwa asitoe hata tone. Mwanao Niyonsaba alikitikisa kibuyu sikioni, akakipeleka kwa bibi yake.

"Bibi, Gitare amenikasirikia?"

Mama alikaa na kile kibuyu mapajani mpaka jua likasogea. Kisha akajifunga kanga, akashika njia ya Muyama kwa miguu, bila kumuaga mtu. Kesho yake tukamwona anarudi na Tharsisi, Ruhogo yuko mbele yao. Winifrida alikimbilia kufungua zizi, Mama akamzuia. Aliivuta mwenyewe miti iliyoziba mlango, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia:

"Evaristi mwanangu, kama ni kosa, niulize mimi. Usiwaulize hawa."

Dume akaingia.

Tunakueleza ukweli, kwa sababu hukupenda kufichwa. Gitare amezeeka, huenda asishike tena. Wengine hata wakishika mimba leo, maziwa ni ya mwakani, na mpaka hapo mwanao anakunywa uji mtupu. Hatuna la kumfanyia. Kaka yako naye amesikia, ameuliza ni nani amemaliza msiba wa mdogo wake bila yeye. Bado hatujui tumjibu nini. Kila asubuhi Winifrida anawatazama ng'ombe mmoja mmoja, kama ulivyomfundisha, na anasema huyu labda, na yule labda. Mama anamsikiliza, hamkatazi.

Unakumbukwa na mama yako Epifania, mkeo Winifrida, mwanao Niyonsaba, rafiki yako Tharsisi wa Muyama, na kaka yako Hatungimana wa Kibondo, ambaye tunaamini barabara ikipitika atakuja, naye atakaa nasi.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, Evaristi, hata pale tusipoweza kufanya kama wewe.

Titye, Kasulu, Aprili 1977