Jogoo wa Kidole Tumbo Chako

Sakina, Arusha
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Frederick,

Habari za Hamburg? Hujambo wewe, shemeji Hope na watoto? Huku baridi ya Juni imeanza, Meru hatuuoni kwa ukungu, nami navaa makoti mawili kama mlinzi wa geti. Sukari yangu imeshuka kidogo, ila tumbo bado linaingia dukani kabla yangu. Mama mzima.

Salamu zimeisha. Sasa kaa chini, maana nimekukasirikia kuliko siku yoyote tangu tuzaliwe.

Unajua saratani ya utumbo ya dada yetu Lilian imerudi. Alifanyiwa upasuaji, akamaliza dripu zake zote za dawa ya saratani, tukashangilia. Sasa iko kwenye ini. Juzi shemeji Hope akanipigia kunipa pole.

"Msikate tamaa, shemeji. Hata Frederick walimpima vinasaba vya uvimbe wake ndipo wakajua wafanyeje."

"Uvimbe upi?"

"Jamani! Kumbe hakuwaambia?"

Usimgombeze. Yeye ndiye pekee aliyesema kweli katika nyumba hiyo.

Wewe ulituambia umepasuliwa kidole tumbo tu, Frederick! Tukapeleka shukrani kanisani Tengeru kwa ajili ya kidole tumbo chako. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, Lilian alimng'ang'ania yule jogoo mwekundu, akawashinda wazee wote wa kanisa, akapaza sauti, "Huyu ni wa kaka yangu!" Mimi nikamcheka kwamba jogoo amekonda kuliko mgonjwa. Mwaka uliofuata Lilian akaanza kutokwa damu chooni. Daktari akamuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua utumbo. Akajibu hakuna. Angejibu nini?

Nimekwenda kwa daktari huyo mwenyewe. Kanieleza taratibu, kama anafundisha darasa la pili, na alikuwa sahihi. Anasema uvimbe haufanani. Kuna wenye vinasaba vinavyoufanya urudi kwa kasi, kuna wa kurithi, ambao dawa ile ya kawaida peke yake mara nyingi haiufai sana, lakini zipo nyingine zinazoamsha kinga ya mwili. Hakunidanganya kwamba usingerudi. Alisema tu, "Tungejua, tungeupima tangu mwanzo." Hilo neno ndilo linaninyima usingizi.

Akanituma na mimi nipimwe utumbo kwa kamera. Nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, nikahamia chooni na redio, shemeji yako Joyce akanisukumia chai mlangoni kama mfungwa. Cheka, nakuruhusu. Wamekuta vinyama viwili vimeota, wakavitoa kabla havijageuka kuwa saratani. Kwa hiyo mropoko wa mke wako huenda umeniokoa mimi. Wewe ulikaa kimya miaka mitatu!

Najua ulichoogopa. Uliogopa waseme ukoo wetu una kitu, mabinti wasiposwe. Basi mabinti wa Lilian wawili wapo hapa, wanampikia mama yao uji, na hakuna anayejua kama wamerithi. Aibu yako ndiyo iliyowaficha hilo.

Daktari anataka majibu yako. Kipande cha uvimbe wa Lilian kimepelekwa kupimwa Dar, lakini akijua kwako ni kinasaba kipi kilichoharibika, atajua pa kutafuta, kwa Lilian na kwa wale watoto. Kila siku unayojishauri ni siku ya Lilian, si yako.

Lilian bado hajui. Sijamwambia, wala Mama sijamwambia. Usinitumie mimi majibu, na usimtume mtu mwingine yeyote ayafikishe. Jumapili ijayo akitoka kwenye dripu ya maji atakuwa ameketi kitandani, simu iko mkononi. Mpigie. Umwambie kwa mdomo wako ulikuwa unaumwa nini.

Joyce anawasalimu, na Mama, na baba mdogo Philemoni wa Maji ya Chai. Mungu akulinde huko, akupe na ujasiri wa kushika simu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata leo nisipotaka,
Anaeli