Manase Shemhilu, Mwenye Bunduki wa Mkwaja

Baba, leo tarehe 14 Juni 1956 mwaka umetimia tangu homa ikuchukue hapa Mkwaja.

Mwanao Ruthi bado huamka alfajiri akainjika maji ya watu wawili. Hukumbuka yakishachemka.

Uliteremka kutoka Mlalo kulima mihogo, Mkristo peke yako kati ya nyumba za Waislamu, na ukawa mtu wa kucheka na wote. Nguruwe uliwafukuza kwa bunduki uliyouziwa na fundi wa misheni, Mswidi, alipokuwa akirudi kwao. Kwenye chuma chake pamechongwa Husqvarna. Ruthi aliacha shule darasa la tatu, mama alipofariki, na jina lile hakuwahi kulimaliza. Ukimsikia akihangaika nalo ulimwambia, "Liache, mwanangu, hata mimi lilinishinda." Kisha ulimsimulia kama ulivyosimuliwa na yule fundi: kiwanda kile kilianza zamani sana, kikifua bunduki za askari wa mfalme wao. Kazi ya bunduki ilipopungua, mafundi wasikae bure, wakatengeneza cherehani, majiko, mashine za kusagia nyama, baiskeli, mpaka pikipiki. Uliipaka mafuta bunduki yako ukisema, "Hii ina dada yake anayeshona. Siku moja nitakuletea."

Kila jua likitua ulipiga mlio mmoja hewani, nguruwe wasisogee. Nyumba za huku mashambani hazisikii adhana. Basi Ramadhani, mawingu ya masika yakificha jua, majirani walifuturu kwa mlio wako. Hukuwaambia, walizoea wenyewe. Mwaka juzi nguruwe mmoja akaja mapema, ukampiga, watu wakanywa uji. Mara mawingu yakafunguka: jua lile, bado liko juu ya minazi!

Jirani yetu Bi Mwamvua alikuja mbio, kata ya uji mkononi. "Manase! Umetufuturisha kwa nguruwe!"

"Nisamehe, dada. Nililenga nguruwe, sikulenga tumbo lako."

"Na siku yangu atailipa nani? Huyo nguruwe?"

Mlicheka mpaka mkakaa chini. Lakini walipoilipa siku ile baada ya Idi, nawe ulifunga pamoja nao, na jioni ukala kwao. Ruthi aliona haya kwenda, akabaki mlangoni. Mpaka leo anajuta.

Ulipokwisha kuzikwa, bunduki ilipelekwa Boma, Pangani, kwa kuwa kibali kilikuwa na jina lako tu. Ruthi akawa anagonga debe tupu kuwafukuza nguruwe. Wamelizoea. Ramadhani iliyopita majirani walisimama nje wakitazama mawingu, wala hakuna aliyetega sikio upande wetu. Mihogo imeliwa tuta baada ya tuta. Siku nyingine Ruthi hushinda kutwa hajasema neno na mtu.

Sasa baba mdogo Asheri ameteremka kumchukua. "Mtoto wa kike hakai peke yake na nguruwe," alisema.

Ruthi alimwomba angoje siku yako ipite. "Baba atasema nimemkimbia," alisema, kwa sauti ndogo hata Asheri akainama ili amsikie.

Bi Mwamvua alikuwapo. "Aliyekimbia ni yeye, katutangulia! Wewe nenda, mwanangu. Kaburi nitalifyeka mimi."

Tunakuambia wenyewe, baba, usije ukasikia kwa wengine. Shamba limetushinda kulilinda, na kesho mlango unafungwa. Juzi Ruthi alikwenda kaburini kukueleza. Alisimama pale kitambo kirefu, maneno yakakataa kutoka, akarudi. Ndiyo maana ameomba yaandikwe hapa.

Unakumbukwa na mwanao Ruthi. Ndugu yako Asheri na mkewe Beatrisi, wa Mlalo. Dada yako Anjela, wa Makorora. Na jirani yako Bi Mwamvua, wa Mkwaja.

Hatutakusahau, baba, popote tutakapokuwa.