Aliyemleta Lea Mikumi

Kilosa,
11 Juni 2025.

Kaka yangu Budeba,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na kwa kuwa najua utaninunia nisipofanya hivyo, nawasalimu na ng'ombe pia. Mvua za huko Tunduru zilitosha? Ule mguu wa shemeji uliokuwa ukivimba umepona? Na Happiness ameshaota meno ya mbele, au bado anatafuna kwa pembeni kama bibi kizee? Sisi huku tunaendelea. Baba anakohoa asubuhi na anakataa dawa, anasema kikohozi ni umri tu. Mama amevuna mpunga wake mwenyewe na hataki mtu amguse mkono. Ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona amelala.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe ungeweza kukata, au mimi ningeweza kuogopa nikaishia kuuliza habari za malisho. Naomba uisome mpaka mwisho, hata ukitaka kuichana katikati. Inamhusu Lukasi, mchungaji wetu wa ng'ombe aliyekulia nyumbani kwetu, ambaye bado yuko gerezani kwa jambo la Mzee Lazaro. Lakini siwezi kulifikia jambo lake bila kukueleza kwanza nimetoka wapi, kwa hiyo nivumilie.

Nimerudi wiki iliyopita kutoka Mikumi, kwenye mkutano wa watu wa Kokwa. Kokwa ndiyo ile kazi yangu ambayo miaka yote umeniuliza ni kazi gani hii isiyo na mshahara. Ni mfumo endeshi, yaani programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, ile ambayo zingine zote zinaitegemea. Tunauandika pamoja, watu tuliotawanyika nchi nzima na hata nje, na hauuzwi. Anayetaka anauchukua, anausoma, anaurekebisha, anamgawia mwenzake. Mifumo mingi hulundika kila kitu pamoja, kama mtu anayelaza ng'ombe wazima na wagonjwa katika zizi moja. Sisi tumeweka katikati kitu kidogo sana, ndilo hilo kokwa, nacho kinafanya mambo machache tu: kupeleka ujumbe, kugawa zamu na kulinda mipaka. Kila kazi nyingine ina zizi lake. Ikianguka, inaanguka peke yake na kuinuliwa peke yake.

Tulikutana katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni, karibu na barabara kuu, malori yakipita vioo vinatetemeka na mzungumzaji anangoja. Mwenyeji wetu alikuwa Mudi wa hapa Kilosa mjini. Asubuhi ya kwanza nyani aliingia dirishani akaondoka na mkate wa chai, Mudi akamfukuza huku akipiga kelele kwamba huyo hakujiandikisha. Tulicheka sana. Kisha Agatha, aliyetoka Mwanza, akatuonyesha kazi yake: aliiua makusudi sehemu inayoshughulikia sauti, mbele ya macho yetu, na wimbo uliokuwa ukipigwa ukakwama kidogo tu, kama mtu aliyemeza mate, ukaendelea. Watu wazima tulisimama tukapiga makofi. Najua kwako ni upuuzi, kaka, lakini Agatha ameihangaikia sehemu hiyo muda mrefu na alikuwa na machozi.

Sasa nikwambie kuhusu mtu anayejiita Mkondoa. Nimefanya naye kazi miaka kadhaa bila kuonana, kila mtu na kompyuta yake. Yeye hukagua ninachoandika, na hana huruma hata chembe. Mara nyingi amenirudishia kazi ya wiki nzima na maneno mawili tu: fikiri tena. Nilimdhania mwalimu mstaafu mwenye gubu. Kumbe ni binti, jina lake Lea, mtoto wa Mzee Lazaro wa ng'ambo ya mto. Mzee Lazaro yule yule ambaye ng'ombe wetu waliingia katika mpunga wake, akapigwa fimbo ya kichwa alipokuja kuwafukuza, na jicho lake la kushoto halijaona tena tangu siku hiyo.

Nilipojitambulisha kuwa mimi ni Laurent, mtoto wa Maduhu, alinipa mkono. Alisema anajua nyumba ninayotoka, na anajua pia kwamba siku ile nilikuwa chuoni Dodoma. Aliongeza kwamba aliyemwumiza baba yake ni Lukasi, si ukoo mzima. Siwezi kukueleza jinsi maneno hayo yalivyonipoza moyo. Nilikaa karibu naye mchana kutwa. Alituonyesha kifaa alichokifunga mtoni, kinachopima maji na kuwapigia simu watu wa bondeni mto unapojaa, wakulima na wafugaji bila kuchagua. Alichomoa waya, kifaa kikaanguka, kikainuka, kikasoma maji tena. Nilijivunia kuwa ni jirani yetu.

Mudi alikuwa ametuagiza kila mmoja aje na kitu kilichomwingiza katika kazi hii, asimulie. Nickson, kijana wa Arusha, alikuja na simu iliyovunjika kioo. Agatha alileta redio ya babu yake. Zamu ya Lea ilipofika alifungua mfuko akatoa fulana ya kijivu, akaitandika mezani.

Alisema kwamba baba yake alipofikishwa hospitali ya Berega kichwa chake kilikuwa kimefungwa kwa fulana hiyo, imekazwa vizuri, na daktari alisema bila kitambaa hicho damu yote ingemwishia njiani. Mzee mwenyewe hakumbuki nani alimpiga wala nani alimfunga, kwani alizimia. Mama yake alidhani ni msamaria mpita njia, au ni Lukasi aliyeogopa alichokitenda. Walirudishiwa nguo katika mfuko wa plastiki, na mama akataka fulana ile iwe dekio. Lea, wakati huo yuko kidato cha tatu, ndiye aliyepewa kuifua. Damu haikutoka yote. Lakini mgongoni aliona picha ya tunda lililokatwa na chini yake anwani ya mtandao. Akaazima simu ya mwalimu wake, akaiandika anwani hiyo, akafika kwetu. Alisoma pale kwa mwaka mzima kabla ya kuthubutu kutuandikia neno. Alimaliza kwa kusema kwamba hajui amshukuru nani, maana mkono uliompofusha baba yake na mkono uliomleta Mikumi huenda ni mmoja. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi mikono ilikataa kunyanyuka.

Kaka, fulana zile zilishonwa kwa ajili ya mkutano wetu wa kwanza, kule Dar es Salaam, na kutoka bonde letu lote nilikwenda mimi peke yangu; Mudi alikuwa bado hajajiunga. Niliivaa mara moja, ukaisifia, nikakuvulia. Begani ilikuwa imechanika kwa waya wa uzio, mama akaishona kwa uzi wa kijani uliobaki kwenye sare zetu. Niliinama juu ya ile meza kama mtu anayesoma maandishi. Uzi wa mama upo. Kushona kwake kule kwa kurukaruka kupo.

Zamu yangu ilifuata ya Lea. Nilisimama nikasema nimesahau kitu changu nyumbani, nikakaa. Naona aibu hata kuliandika jambo hilo.

Siku ya pili Nickson alizungumza juu ya desturi yetu moja, na nadhani hata kama angekuja kunisema mimi kwa jina asingenichoma zaidi. Kwetu mtu akigundua ufa katika kazi ya mwenzake, ufa unaoweza kuwadhuru watu, hautangazi barazani. Anamwandikia mwenye kazi faraghani kwanza, anamwonyesha alichokiona, anampa muda autengeneze kwa mkono wake mwenyewe na aseme mwenyewe kwamba ulikuwepo. Muda ukiisha, unatangazwa, umetengenezwa au haukutengenezwa, kwa sababu wanaoumia wana haki ya kujua. Mudi akauliza itakuwaje kama mwenye kazi hajibu. Agatha ndiye aliyemjibu, kwamba kimya chake yeye hakikupi wewe ruhusa ya kunyamaza.

Nilirudi nyumbani nikijitafutia pa kutokea. Nilijiambia labda ulimwazima Lukasi fulana ile. Lakini Lukasi alikamatwa akiwa pamoja na ng'ombe, amevaa shati lake jeupe la zamani la shule, kila mtu alimwona. Nikamwuliza mama, kama mtu anayekumbuka tu mambo ya kale, ile fulana yangu iliishia wapi. Mama alisema Budeba alirudi siku ile kutoka mnadani Dumila amejifunga shuka, kifua wazi, akasema dume limeirarua, naye ilimuuma kwa kuwa alikuwa ametoka kuishona. Aliendelea kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa, na mimi sikumwongezea swali.

Hukwenda mnadani, kaka. Ulikuwa shambani kwa Mzee Lazaro. Ulimpiga wewe, ukaona damu, ukavua fulana ukamfunga, ukakimbia ukamwachia Lukasi ng'ombe. Naandika hivi ili usije ukasema sikuelewa. Naelewa pia kwamba hukukusudia, kwa sababu anayekusudia kuua hafungi kidonda. Nalia nikiwaza ulivyopiga magoti pale kwenye matope ukikaza kile kitambaa. Lakini mahakama ilimpa Lukasi miaka ishirini kwa kujaribu kuua, naye hakukutaja hata mara moja, na wewe uliisikia hukumu, ukahamia Tunduru.

Sijasahau wewe ni nani kwangu. Baba aliposema shule inamharibia mchungaji wake, ni wewe uliyesema utachunga zamu yako na yangu, na ukazichunga, jua na mvua, mpaka nikamaliza. Kila herufi ninayoiandika leo imetokana na miguu yako. Ndiyo maana barua hii imekuwa ngumu kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu husema damu nzito kuliko maji, na ni kweli, ila nimejiuliza damu ya Mzee Lazaro ni ya nani, na miaka ya Lukasi ni ya nani.

Kwa hiyo nakufanyia kama tunavyofanyiana sisi. Nimekuandikia wewe kwanza, na wewe peke yako. Lea sijamwambia, baba sijamwambia. Nakupa mpaka Nanenane. Njoo useme mwenyewe kwa kinywa chako. Nitakupokea stendi ya mabasi hapa Kilosa, twende kwanza kwa Mzee Lazaro ukamwangalie usoni, halafu twende polisi, na sitakuacha mlangoni, nitaingia na wewe. Nitatafuta wakili. Shemeji na watoto watakaa kwangu muda wowote utakaohitajika, na ng'ombe wako nitawachunga mimi. Najua nimesahau mengi, lakini nitajifunza tena, ni zamu yangu.

Usipokuja, Nanenane ikipita nitakwenda peke yangu. Nitamwambia Lea, nitawaambia polisi, nitataja jina lako. Utanichukia, na baba huenda akanifukuza. Mficha uchi hazai, na nyumba yetu imeficha uchi huu muda mrefu mno. Sikutishi, kaka. Nakuomba kwa sababu nataka siku hiyo isemwe kwamba Budeba alikuja.

Nimalizie kwa salamu, maana ukurasa unakwisha. Baba anakusalimu, anauliza utaleta lini yule dume mweupe uliyemwahidi. Mama anakusalimu sana na anasema ule vizuri. Mwambie Happiness baba yake mdogo anamtunzia zawadi.

Lukasi naye anakusalimu. Nilikwenda kumwona Jumapili. Amekonda, na nywele za mbele zimeanza kuwa nyeupe. Sikumwambia lolote, wala yeye hakunitajia siku ile. Aliuliza ng'ombe, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Kisha akaniuliza kama kaka Budeba hajambo, na kama aliwahi kupata watoto. Nikamwambia hujambo, na unao. Alifurahi, akasema basi ni vizuri.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Laurent Maduhu.