Kompyuta ya Baba Haikuzimwa

Machi 3

Mwanangu,

"Kompyuta moja haibebi mifumo miwili; mmoja utamla mwenzake." Maneno yako hayo, fundi mzima! Mimi na marehemu baba yako tuliishi chumba kimoja miaka thelathini, kila mtu na msimamo wake, na hakuna aliyemla mwenzake. Hujambo lakini? Kifua kimepona?

Nimesakinisha mfumo endeshi mpya kwenye kompyuta ya baba yako, kando ya ule wake. Shida ni kwamba nikiwasha, menyu ya kuchagua mfumo inaonyesha wangu tu. Wake uko wapi? Humo ndimo alimoacha jibu lake la mwisho kwa makala yangu ya kumpinga, nami sijalisoma. Likipotea, nimempoteza mara ya pili.

Mama yako

Machi 9

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona. Usisakinishe tena chochote! Mfumo wa Baba haujafutika, ni menyu tu haiujui. Ingia kwenye wako, iruhusu menyu itafute mifumo mingine, kisha iandike upya. Amri zote ziko nyuma ya karatasi hii. Ila Baba hakuwa na tabia ya kuzima, alikuwa anafunika kompyuta tu, mfumo ukalala. Mfumo uliolala haujafa, Mama. Bado umeshikilia diski. Ukiupata, uzime kabisa.

Mwanao

Machi 20

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, sema usingizi umenikimbia.

Mfumo wake umepatikana. Umeamka palepale alipoachia: "Bi Moto," ndivyo alivyoniita tukibishana, "umekosea, kwa sababu", basi. Nililia, nikamtukana, nikafunika. Baadaye nikaingia kwenye wangu, nikaandika: sababu gani, mzee? Leo nimefungua kwake. Sentensi imekamilika, na sababu zenyewe zina mashiko. Ni wewe umeingia kutoka huko?

Mama yako

Machi 26

Shikamoo Mama,

Si mimi, naapa. Na mfumo wa Baba hauwezi kusoma unachoandika kwenye wako. Nilikuambia uzime, ukafunika! Chomoa waya wa intaneti. Mwezi ujao mimi na dada tunakuja kuifuta sehemu yake ya diski.

Mwanao

Aprili 2

Wanangu,

Hamjambo? Sisi wazima.

Waya niliuchomoa. Amejibu vilevile, tena kwa kirefu, na kwa mara ya kwanza maishani amekubali hoja yangu moja. Mtaniambia hiyo ni hitilafu? Hitilafu inajuaje kwamba siku ya harusi yetu nilimnunia hadi jioni?

Basi nasema nanyi wawili, wewe fundi na dada yako: njooni mle, njooni mbishane nasi. Diski msiiguse. Na mkifika, bisheni hodi, msubiri. Ikiwaitikia sauti nzito, ingieni tu.

Wazazi wenu